Uchafu Huenda Wapi?

Nimefundisha usafi karibu maisha yangu yote. Nilianza na kucha na kola za mashati kwenye mstari wa asubuhi katika shule ya msingi. Nikaja kuwa mwalimu mkuu, kisha mkufunzi wa walimu watakaokwenda kukagua kucha na kola hizo, na nikamaliza utumishi wangu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza swali moja jepesi ambalo hata mtoto wa darasa la pili angeweza kuniuliza: uchafu ukishaondolewa mahali, huenda wapi? Swali hilo nililikuta ugenini, uzeeni, kwenye meza ya jikoni, mbele ya bastola.

Mwaka 2022 mimi na mama watoto tulikwenda Marekani kumtazama kijana wetu wa pili, ambaye anaishi pembezoni mwa jiji la Houston katika jimbo la Texas. Yeye na mkewe walikuwa wamepata mtoto, na mila inataka bibi amwone mjukuu angali mchanga. Bahati mbaya viza zilichelewa, na tulipofika mjukuu alikuwa na miezi kumi, anatambaa nyumba nzima na kutia mdomoni kila anachokiokota.

Jumamosi moja baada ya kifungua kinywa, kijana wangu alitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, akaleta kisanduku kidogo, akatoa bastola. Sitaficha kwamba moyo ulinipiga. Kwetu Tanzania raia hawezi kumiliki bastola bila kibali, na sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi imelikazia hilo. Kule Texas, tangu Septemba 2021, mtu mwenye miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimzuii kuwa na silaha anaweza kubeba bastola hata bila leseni ya kuibeba. Nilimuuliza kijana wangu kwa nini anayo. Akasema anafanya kazi usiku, na aliwahi kuvamiwa kwenye maegesho ya magari alfajiri akitoka kazini. Nilikuwa na maneno ya kumjibu, naye alikuwa na ya kunijibu mimi, tukayaacha. Si hayo niliyokusudia kuyaandika leo.

Niseme kwa haki kwamba alifanya kwa utaratibu. Alitoa magazini, akarudisha nyuma sehemu ya juu ya bastola, akachungulia ndani, akatia kidole kuhakikisha kwamba hakuna risasi, kisha akanionyesha na mimi. Ndipo akaifungua vipande vipande: mtutu, springi, na ile sehemu ya juu inayoteleza. Vipande hivyo akavipanga katika kikapu cha waya, akakitumbukiza katika mashine iliyo kama beseni dogo la chuma cha pua lenye maji ya moto na sabuni maalumu. Akafunika na kubonyeza kitufe. Mashine ikaanza kulia kama nyuki waliofungiwa mzingani.

"Hii inasafisha kwa sauti, Baba," akaniambia.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu akiambiwa jambo kama hilo hulala njaa mpaka aelewe. Akanieleza, na mengine nikayasoma mwenyewe katika kijitabu cha mashine. Chini ya beseni vimebandikwa vipande ambavyo vikipata umeme hutikisika kwa kasi kubwa, kiasi cha mara 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu husikia mitikisiko isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kile kilio cha nyuki ni sehemu ndogo tu ya kelele iliyomo. Mtikisiko huo huzaa ndani ya maji viputo vidogo mno visivyoonekana, navyo kila vinapobomoka hupiga chuma kama nyundo za sisimizi na kung'oa masizi na mafuta yaliyoganda hata katika vitundu ambavyo brashi haifiki. Masonara hutumia mashine za namna hiyo kusafishia pete na mikufu, madaktari wa meno husafishia vyombo vyao, na hata mafundi simu wa kwetu huzitumia kufufua simu zilizotumbukia majini.

Dakika chache baadaye akafungua kifuniko. Ndugu msomaji, nilifurahi kama mtoto. Kutoka katika mtutu lilikuwa likitoka wingu jeusi, polepole, kama wino wa pweza. Mkono wa mtu haukugusa kitu. Chuma kilipotoka kilikuwa kinang'aa.

Nikakumbuka mwaka 1971, nilipokuwa katika Jeshi la Kujenga Taifa. Tulikuwa na bunduki tulizoziita SAR, na usafi wake ulikuwa kazi ya mkono: kitambaa, mafuta, fimbo nyembamba ya chuma, na macho. Tulikaa chini ya mwembe kwa saa nzima. Afande hakukagua bunduki kwanza, alikagua kitambaa. Kama kitambaa chako ni cheupe, alikuwa akisema, ama bunduki yako haijapigwa ama wewe ni mwongo. Alitaka kuona uchafu uliotoka, aushike, aupime kwa jicho. Kisha vile vitambaa vilikusanywa na kufukiwa shimoni.

Nilimsimulia kijana wangu jambo hilo, nikitaka kumwonyesha ubora wa zamani. Akanisikiliza kwa heshima, halafu akauliza: "Na baada ya hapo mlinawa, Baba?" Sikumbuki kama tulinawa. Nakumbuka tulikula muhogo. Basi na mimi nikanyamaza, maana wazee tuna tabia ya kuipaka zamani chokaa.

Alipokwisha kukausha vile vipande na kuvipaka mafuta, akaniambia kwamba hilo la mafuta ni la lazima. Maji yale huondoa uchafu na mafuta ya kulinda chuma pia, na katika hewa ya unyevu ya Houston chuma kilicho uchi huanza kushika kutu siku hiyohiyo. Kisha akalibeba beseni, akalimwaga katika sinki la jikoni, akalisuuza mara moja, akanigeukia kwa ukarimu wote wa mtoto kwa mzazi wake: "Lete meno yako, Baba, nikuoshee. Yatakuwa kama mapya."

Nina meno ya bandia ya juu. Mkono wangu ulikwisha kwenda mdomoni nilipojisikia nauliza: "Yale maji meusi yamekwenda wapi?"

"Sinki, Baba."

"Na yalikuwa na nini ndani yake?"

Akafikiri kidogo. "Masizi. Shaba kidogo. Na risasi."

Hapo lugha yetu ikanipiga kibao. Sisi Waswahili kitu kinachotoka bastolani tunakiita risasi, na ile metali nzito laini iliyo ndani yake nayo tunaiita risasi. Waingereza wanayo maneno mawili, nao waweza kusahau kwamba kimoja kimo ndani ya kingine. Sisi hatuna udhuru. Risasi nyingi za bastola zina risasi ndani yake, na kwenye kitako cha nyingi kati ya hizo kiwashio nacho kimetengenezwa kwa chumvi ya risasi. Kila mlio huacha vumbi lake mtutuni. Na risasi ni sumu, ya polepole kwa mtu mzima, na mbaya zaidi kwa mtoto mdogo, kwa kuwa huingia katika ubongo unaoendelea kukua. Wataalamu wa afya wanasema hakijajulikana kiwango chake chochote katika damu ya mtoto ambacho ni salama.

Tulikisoma tena kile kijitabu, safari hii mpaka mwisho. Kilisema wazi: maji yaliyosafishia silaha yasimwagwe ovyo, na chombo kilichotumika kwa kazi hiyo kisitumike kwa vitu viendavyo mdomoni. Mkwe wangu alikuwa mlangoni amembeba mtoto. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hata chuchu za chupa?" Kumbe wiki mbili zilizopita alikuwa amezitia humo chuchu za chupa ya maziwa ya mtoto, kwa vile aliona mashine inasafisha vizuri.

Hakuna aliyezungumza. Kijana wangu alikaa chini. Yule aliyekuwa amechungulia chemba mara mbili na kutia kidole ili risasi isimpate mtu, risasi ilikuwa imempita kwa mlango mwingine, katika maji aliyoyamwaga kwa mikono yake.

Jumatatu mtoto alipelekwa kupimwa damu. Majibu yalikuja hayana la kutisha, na daktari alitushauri tusirudie na tuoshe kila kitu. Namshukuru Mungu. Lakini siku zile mbili za kungoja, Jumamosi na Jumapili, sikulala. Na haikuwa kwa sababu ya mjukuu peke yake.

Mwaka 1996, nikiwa mkuu wa chuo, walinijia wasichana wawili wa mwaka wa pili. Walikuja jioni, baada ya kengele ya kujisomea, wakasimama mlangoni wakiwa wameshikana mikono. Walinieleza kwamba mkufunzi mmoja, mtu hodari darasani ambaye nilimtegemea, alikuwa akiwataka kimwili wasichana aliowasimamia katika mazoezi ya kufundisha, na aliyekataa alipewa alama za chini. Mmoja wao alikuwa na ripoti yake mkononi. Niliisoma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliona somo lile la msichana akifundisha, na lilikuwa zuri.

Niliwaamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana kama ningekuwa sikuwaamini ningeweza kusema nilikosea. Niliwaamini, nikawaambia watulie, nitalishughulikia. Nikazirekebisha alama zao. Kisha nikafanya kile nilichokiita usafi. Nilimwita yule bwana, nikamwambia aombe uhamisho. Akaomba. Nikaandika barua ya kuunga mkono maombi yake, nikataja uhodari wake katika somo lake na miaka yake ya utumishi, nikatia sahihi na mhuri. Hapakuwa na neno moja la uongo katika barua ile. Kabla muhula haujaisha alikwisha kuondoka, na chuo kikatulia. Wakaguzi walipokuja mwaka uliofuata walisifu nidhamu na hali ya chuo. Nikapokea sifa hizo nimesimama.

Nilikuwa nimesafisha mtutu na kumwaga maji sinkini. Sinki lilikuwa chuo kingine.

Miaka mitatu baadaye, katika mkutano wa wakuu wa vyuo, mkuu wa chuo kile, mwenzangu tuliyesoma pamoja, alinivuta kando wakati wa chai. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mwenzangu, mbona hukuniambia?" Kwake msichana mmoja alikuwa ameacha masomo na kurudi kwao, na ilipochunguzwa ikabainika ni yaleyale. Nilimjibu kwamba sikuwa na ushahidi wa kutosha. Kikombe cha chai kilikuwa kinagonga kisosi mkononi mwangu.

Sasa nirudi katika swali, kwa kuwa nilikusudia kufikiri, si kutubu tu.

Mtu anaweza kusema kwamba kusafisha kokote ni kuhamisha. Ni kweli. Nguo ikifuliwa, uchafu hauangamii. Umo katika maji, na maji hufuata mkondo. Maji ya kuogea nyumbani kwangu kijijini huenda kwenye migomba, na migomba hufurahi. Kwa hiyo si dhambi kuhamisha uchafu, kwa maana hakuna njia nyingine. Ila anayesafisha hana haki ya kusema amemaliza kabla hajajua uchafu ule umefikia kwa nani, na huyo amepokea kwa kujua au kwa kutojua. Migomba inapokea povu la sabuni na haidhuriki. Mtoto anayetambaa sakafuni hakuulizwa. Msichana wa chuo kingine hakuulizwa.

Dunia nzima imewahi kukosea hivi, tena kwa metali ileile. Kuanzia miaka ya 1920 risasi ilitiwa katika petroli ili injini za magari zisigonge. Injini zikaenda laini, wenye magari wakaridhika, na risasi ikatoka kwa moshi ikaingia mapafuni mwa watoto waliokuwa wakicheza kando ya barabara. Kuikomesha duniani kote kulichukua karibu miaka mia moja, maana nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa ajili ya magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Waliofaidika na ulaini wa injini na waliovuta moshi hawakuwa watu walewale kila mara, na ndiyo maana ilichelewa.

Mwingine atasema kwamba nilimhurumia yule bwana. Alikuwa na mke na watoto wanne, na mashtaka yangemvunja. Mimi nilijiambia hivyo pia, usiku mwingi. Huruma ni jambo kubwa, na mwalimu asiye na huruma afadhali akafuge ng'ombe. Lakini nimefikia kuamini kwamba huruma ambayo gharama yake inalipwa na mtu mwingine, asiyekuwapo na asiyejua, si huruma. Ni kumkopesha mtu fedha za jirani. Kama ningetaka kumhurumia kwa fedha zangu, ningebaki naye chuoni kwangu akiwa chini ya macho yangu na mashtaka yake, chuo changu kikachafuka jina, nami nikakosa sifa za wakaguzi. Hiyo ingekuwa huruma yangu.

Tena niliona jambo jingine katika mashine ile. Ubora wake ni kwamba mkono haugusi. Ndiyo raha yake, na ndiyo hatari yake. Anayesugua kwa kitambaa anabaki na kitambaa mkononi, hana budi kukitafutia mahali. Anayebonyeza kitufe anabaki na chuma kinachong'aa, na uchafu umekwisha kuwa maji, na maji kila mtu anajua yanakomwagwa. Ofisi nayo ni mashine ya namna hiyo. Barua, mhuri, uhamisho, jalada kufungwa: mkono haugusi kitu. Sisemi tuache mashine wala ofisi. Kijana wangu anayo mashine yake mpaka leo, na inasafisha kuliko mikono yetu ya mwaka 1971. Nasema kwamba kadiri chombo kinavyosafisha bila sisi kugusa, ndivyo tunavyopaswa kufanya kwa makusudi yale ambayo zamani mkono ulitulazimisha kuyafanya: kuutazama uchafu, kuuweka mahali pamoja, na kumwambia anayeupokea kwamba ndio huu.

Hayo ndiyo aliyofanya kijana wangu. Mashine imehamia gereji, imeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni ya silaha tu. Maji yake anayatia katika dumu lenye kifuniko, nalo lina maandishi, na likijaa hulipeleka katika kituo cha kaunti kinachopokea taka zenye sumu kutoka majumbani. Nilikwenda naye mara ya kwanza. Mhudumu alisoma maandishi ya dumu, akauliza swali moja, akavaa glovu, akalipokea. Haikuchukua dakika tano. Nilikaa garini nikiwaza jinsi ilivyo rahisi.

Na mimi? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kungoja hapo. Niliporudi nyumbani niliandika barua mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa mmoja wa wale wasichana wawili, ambaye sasa ni mwalimu mkuu naye anakaribia kustaafu. Alinipigia simu, tukaongea kwa muda mrefu, na mengine aliyoniambia ni yake si yangu kuyachapisha. La kwake moja nina ruhusa ya kulisema: alisema kwamba kurekebishiwa alama hakukuwa kitu kikubwa kwake, walitaka kusikia mkuu wao akisema hadharani kwamba jambo limetendeka.

Ya pili ilikwenda kwa mwenzangu yule wa mkutano wa chai. Nilimwandikia niliyopaswa kumwandikia mwaka 1996, jina, tendo na tarehe, na kwamba ushahidi nilikuwa nao. Jibu lake lilikuja baada ya mwezi, mstari mmoja kwa mwandiko wa mkono unaotetemeka: "Nimeipokea."

Meno yangu nayaosha kwa mswaki, asubuhi na jioni, mwenyewe.